Lete Mtu Katika Nyumba Hii

Kwa miaka kumi na moja mama yangu alimwomba Mungu anipatie mume, na kwa miaka yote hiyo maneno yake yalikuwa yale yale. "Bwana, lete mtu katika nyumba hii. Awe mwamini. Asiwe mlevi. Awe na kazi yake na nyumba ya bati." Hapo alivuta pumzi kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya mteja anayejua kwamba duka limeishiwa bidhaa nyingi, "Na akiwa na meno yote tutashukuru, ila si lazima."

Alianza nikiwa na miaka ishirini na saba, wiki ile mchumba wangu alipovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata mzigo wa vitenge na asirudi. Miezi michache baadaye tulisikia yuko Kitwe, ana mke na mtoto, na mtoto ameshaanza kutembea. Hata mimi niliyefeli hisabati niliweza kupiga hesabu hiyo. Nililia siku tatu, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Nina duka dogo la fotokopi hapa Tunduma, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka. Madereva wananiletea karatasi zao, nazitoa nakala, nazibana pini, wanaondoka. Wazambia wananisalimia, "Mulishani, mayo," nami nawajibu kwa Kibemba changu cha dukani ambacho kikifika kwenye bei kinakuwa fasaha ghafla. Nilikuwa nimeridhika na maisha hayo, na kuridhika kwangu ndiko kulikomtia Mama hofu. Aliona ni dalili ya ugonjwa.

Mama alizaliwa Ruanda, kule Mbozi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akabatizwa Mbozi Mission, akaolewa na baba yangu, Mnamwanga aliyemleta mjini. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama akanilea peke yake kwa kuuza maharage sokoni, na imani yake ilikuwa na mikono na miguu. Akiomba mvua, ndoo zilikuwa zimeshatolewa nje kabla hajasema amina. Kwa hiyo alipoanza kuniombea mume, alinunua ndama dume wa kuchinja siku ya harusi. Ndama yule alikua, tukamla kwenye msiba wa bibi. Akanunua mwingine, naye akazeeka akisubiri, tukamuuza. Wakati wa mambo ninayoyasimulia tulikuwa na dume wa tatu nyuma ya nyumba, mweusi mwenye doa jeupe begani, mnene kuliko yeyote katika ukoo wetu, anayekula pumba kwa imani ya mama yangu.

Kila Alhamisi alasiri walikuja akina mama sita wa kanisani kuungana naye. Mimi nilikuwa nafunga duka mapema, napiga magoti sebuleni, nao wananiwekea mikono kichwani. Mikono ya watu saba si mzigo mdogo. Mmoja wao alikuwa anakaanga maandazi, na baada ya sala nywele zangu zilinukia hiliki mpaka Jumamosi. Nilifumba macho nikafikiria wino wa mashine. Kwa maelezo ya Mama, Mungu alikuwa na faili langu mezani kwake. Mimi ninayefanya kazi mpakani najua kwamba faili likikaa mezani miaka kumi na moja, halikai kwa sababu linashughulikiwa.

Mwaka huo wa kumi na moja Mama akabadilisha mbinu.

"Wanaume wa nchi nzima wanapita mbele ya duka lako," aliniambia tukichambua mchicha. "Unataka Mungu akupe nini tena? Amekuwekea foleni."

"Mama, wale wana wake zao."

"Si wote. Ukimwona mtu mstaarabu, mlete ale chakula cha mchana. Sikuambii umfunge kamba. Ale tu."

Alinisumbua kwa jambo hilo mwezi mzima. Kila nikirudi aliangalia nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu. Mwishowe nikaamua kumfundisha adabu, na hapo ndipo ninapopaswa kukiri kwamba yaliyotokea baadaye yalianza kwa ubaya wangu, si kwa utakatifu wa mtu yeyote.

Siku moja kabla ya saa sita mchana aliingia dukani mzee mwembamba, amevaa koti la suti juu ya sweta, na miguuni buti za mpira zilizooshwa zikang'aa. Alikuwa na karatasi za kustaafu ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko huo mfuko mwingine. Alitoka Mbebe, kule Ileje milimani, na alikuwa amefikia kwa dada yake hapa mjini mpaka mambo ya karatasi hizo yaishe. Alikuwa bwana mifugo mstaafu. Mkewe alikufa zamani. Haya yote alinieleza taratibu huku mashine ikifanya kazi, na kila nakala ilipotoka aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kitabu chake cha nyimbo za kanisani kilikuwa kinachungulia mfukoni.

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mwamini. Mlevi, hapana. Kazi alikuwa nayo.

"Samahani mzee," nikasema, "nyumba yako kule Mbebe ni ya bati?"

"Bati, geji ishirini na nane," akajibu, wala hakuuliza kwa nini nataka kujua.

Kuhusu meno, alikosa mawili ya mbele, lakini meno Mama alikuwa ameshayasamehe. Nikamwambia mama yangu amepika na anapenda wageni. Akakunja mifuko yake yote miwili, akanifuata.

Mama alikuwa mlangoni. Aliona kivuli cha mwanaume nyuma yangu, akajifuta mikono, akasimama wima kama mama mkwe anayesubiri kuamkiwa. Kisha mgeni akatokea kwenye mwanga. Nilimwona Mama akimtazama kuanzia mvi hadi buti, akielewa polepole kwamba kwa umri yule, shikamoo ilikuwa inadaiwa upande wake.

"Shikamoo," akasema, kwa shida.

"Marahaba, mama. Nyumba nzuri."

Tulikula ugali na maharage na kabichi. Mama alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa ameandaa maswali yake kwa miaka kumi na moja na hakuona sababu ya kuyatupa.

"Una umri gani, baba?"

"Sitini na saba."

Mama akanitazama mimi. Nikatazama kabichi.

"Na unakusudia kuoa tena?"

Mzee alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha sahanini, akafikiri. "Leo sikuwa nimekusudia," akasema. Kisha akaliokota tena akalichovya. "Maharage haya yameungwa na mtu asiyeogopa chumvi. Nashukuru sana."

Alipoondoka, Mama alifunga mlango akaniuliza, "Umenidhihaki mimi au umemdhihaki Mungu?"

"Nimefuata orodha yako. Soma mstari kwa mstari."

Hakuniongelesha mpaka kesho yake, na kesho yake aliniongelesha kwa sababu dume alikuwa anakufa.

Alikuwa amekata kamba asubuhi akaingia kwenye gunia la pumba, akala mpaka tumbo likavimba upande wa kushoto kama ngoma. Tulimkuta amesimama miguu imetawanyika, ulimi nje, anakoroma. Mama aliweka mikono miwili juu ya tumbo lile akaanza kuomba. Aliomba dakika nzima, kisha bila kufumbua macho akaniambia, "Kamwite yule babu yako."

Nilimkuta kwa dada yake anakunywa chai. Alikuja kwa mwendo wa haraka na buti zake, akavua koti, akanipa nilishike. Akaomba mafuta ya kula na chupa ya soda. Mama akaleta galoni zima la mafuta yake ya mwezi. Mzee akajaza chupa, akamshika dume pembe, akamwinua kichwa, akammiminia mafuta kooni pole pole, kisha akaanza kumkanda ubavuni kwa ngumi kama mtu anayekanda unga. Mama alikuwa upande wa pili, bado ana mikono yake pale pale, sauti imepanda.

"Mama," mzee akasema kwa upole, "endelea kuomba, ila sogea nyuma ya bega. Hapo ulipo si salama."

Mama akasogea. Ilikuwa heri. Muda si mrefu dume alitoa hewa mbele na nyuma kwa pamoja, kwa sauti iliyomleta jirani kuuliza kama tairi la lori limepasuka. Tumbo likaanza kushuka. Mama alikuwa katikati ya neno "muujiza" na hakulimalizia, kwa sababu harufu ilimfikia.

Walikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, wote wawili wamelowa mafuta, wakimtazama mgonjwa akicheua.

"Bwana amemponya," Mama akasema.

"Kweli," mzee akasema. "Na mafuta ya alizeti yamesaidia."

"Mafuta nayo ameyaumba nani?"

"Ndiyo nasema, amesaidia kwa njia mbili."

Nilimwona Mama anatafuta la kubishana, akalikosa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

Tangu siku hiyo mzee akawa anapita kumwangalia dume. Mwanzoni mara moja kwa wiki, halafu mara tatu. Dume alikuwa mzima kabisa, mtu yeyote mwenye macho aliona, lakini daktari wake hakuridhika. Mama naye alikuwa na mpango wake. Aligundua kwamba mzee ana mtoto wa kiume, muuguzi huko Vwawa, ambaye hajaoa. Basi akaanza kumlisha baba ili ampate mwana. Alimpikia ndizi, alimpikia kande, alimchinjia kuku aliyekuwa bado anataga. "Mkwe huanza kupatikana kwa baba yake," aliniambia. Alhamisi akina mama waliombea Vwawa kwa jina.

Mimi niliona mambo mengine. Niliona Mama anavaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumatano. Niliona anacheka mdomo wazi, bila kuuziba kwa kiganja kama alivyozoea. Siku moja nilirudi mchana nikawakuta wanachambua maharage wawili, kimya, kila mmoja na ungo wake, na walikuwa wametulia kiasi kwamba nilijiona mimi ndiye mgeni. Niliwaacha hivyo. Nadhani nilitaka nione Mungu atatokaje kwenye hilo.

Kisha ikaja taarifa kutoka upande wa mzee kwamba mshenga anakuja. Mama alilia kwa furaha, akapiga simu Momba kumwita baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, aje kusimama kama mwenye nyumba. Alinipeleka saluni. Alisafisha mpaka zizi. Mimi nilimwambia, "Mama, mimi huyo muuguzi sijawahi hata kumwona." Akasema Isaka naye hakuwahi kumwona Rebeka, na ndoa ilifungwa vizuri tu.

Mshenga alikuwa mzee wa kanisa kutoka usharika wa dada yake bwana mifugo, mtu wa koti refu na kikohozi cha heshima. Aliketi, akapewa maji, akakohoa.

"Tumepita katika mtaa huu," akasema, "tukaona ua katika nyumba hii. Tumetumwa kuuliza kama lina mwenyewe."

Baba mdogo alikunja miguu. "Ua lipo," akasema. "Halina mwenyewe. Kwa kweli limekaa bila mwenyewe muda mrefu kidogo."

Nikaitwa. Nikatoka chumbani na nywele zangu za saluni, nikaketi kwenye mkeka, nikainamisha macho. Mama alikuwa anammiminia baba mdogo chai.

Mshenga akanitazama, akatabasamu kwa huruma. "Huyu ni binti mzuri, Mungu ambariki. Lakini si hili tulilotumwa. Ua tulilotumwa ndilo hilo lililoshika birika."

Chai iliendelea kumiminika. Ilijaza kikombe, ikajaza kisosi, ikashuka mezani na kuingia kwenye suruali ya baba mdogo, naye kwa sababu ya heshima ya kikao hakupiga kelele, alisimama tu.

"Ua gani?" Mama akasema. "Mimi nina miaka sitini na moja."

"Mzee anajua," mshenga akasema. "Alisema tukufahamishe kwamba anajua."

"Na mwanawe?"

"Mwanawe ana mchumba. Wanafunga ndoa baada ya mavuno."

Nilicheka. Najua haikuwa mahali pake, lakini nilicheka mpaka nikalazimika kurudi chumbani. Mama alimwambia mshenga atapeleka jibu, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, akarudi, akafungia birika kabatini kana kwamba ndilo lililomkosea.

Kicheko changu hakikudumu. Kesho yake dukani nilitoa nakala za dereva mmoja kichwa chini, zote. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba Mama anaweza kuondoka. Na kulikuwa na jambo la aibu kidogo ambalo sikumwambia mtu. Mikono ya watu saba ilikuwa imekandamiza kichwa changu miaka kumi na moja, na baraka ilipoteremka hatimaye iliteleza pembeni ikampata aliyekuwa ameniwekea mkono. Sikuwa nimeitaka, lakini kupitwa nako kunauma.

Mama alimkasirikia Mungu. Sijui neno jingine la kueleza. Alhamisi aliwaambia wenzake kichwa kinamuuma. Wakati wa kula, yeye ambaye sala yake ya chakula ilikuwa inapoza ugali, alisema, "Asante kwa chakula, amina," akamega tonge. Mzee aliacha kuja, kwa kusubiri jibu. Dume alikaa bila daktari.

Wiki ya tatu tulikuwa nyuma ya nyumba tunapukuchua maharage, akaanza mwenyewe.

"Nilimwambia wazi. Nilimwambia mtu wa binti yangu."

"Hukusema hivyo, Mama. Sala ile naijua kuliko jina langu. Ulisema katika nyumba hii. Na humu ndani tunakaa wawili."

"Anajua nilikuwa na maana gani. Hakuna kilichofichika kwake."

"Basi na kilichomo moyoni mwako hakikufichika."

Akapukuchua ganda jingine. "Baba yako alipokufa, nilimwambia Mungu, mimi nimemaliza. Sitakusumbua tena kwa mambo yangu. Nitakuletea ya mtoto tu. Nilidhani tumekubaliana."

"Yeye alisemaje?"

"Hakusema kitu. Nilichukua kimya chake kuwa ndiyo."

Sikuwa najua hilo. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na minane, nikimsikia akiomba kila siku kwa sauti inayovuka uzio, na sikuwahi kugundua kwamba hakujiombea hata kikombe cha maji. Kila alichopata kilikuja kimeandikwa jina langu, naye alikuwa anaridhika na makombo.

"Unampenda?" nikamuuliza.

"Hilo si swali la kumuuliza mama yako." Akatupa maganda kwenye kikapu. Baadaye, akiwa amegeukia zizi, akasema, "Nikiongea, huwa anasubiri nimalize."

Baba mdogo alipinga. Alipiga simu kutoka Momba akasema, "Shemeji, watu watatucheka. Mjane wa kaka yangu avae shela wakati binti yupo ndani?" Mama akamwambia shela halipo katika mpango, kwa hiyo hilo limekwisha. Mchungaji wetu, kijana ambaye sauti yake ilikuwa haijamaliza kukomaa, alisema haoni kizuizi katika Maandiko, ila anaomba nakala ya cheti cha ubatizo. Hiyo nilimtolea bure.

Siku Mama alipoamua, hakutuma mtu. Alivaa kitenge, akanichukua mimi kama shahidi, tukaenda kwa dada wa mzee. Tulimkuta mzee anatengeneza mguu wa kiti. Mama hakuketi.

"Nina mambo matatu," akasema. "Naomba kwa sauti, na sitapunguza. Buti zako sitaziosha. Na binti yangu akija wakati wowote, anakula kwanza, maswali baadaye."

Mzee alisubiri mpaka akamaliza. Alisubiri kidogo zaidi, kuhakikisha.

"Buti naosha mwenyewe," akasema. "Sauti sina neno, nimefanya kazi na ng'ombe. Na binti anajua mimi namheshimu, yeye ndiye aliyenikaribisha."

Mama akanigeukia. Sikuthubutu kumwambia mzee nilimkaribisha kwa nia gani. Sijamwambia mpaka leo, na nina hakika anajua.

Walifunga ndoa Jumamosi asubuhi, watu wachache, kwaya ndogo. Mchungaji alisoma kutoka kitabuni mpaka akafika kwenye sala ya kuwaombea maharusi watoto, akakwama, akaanza kupekua mbele akitafuta pa kurukia. Mama akamwambia, "Soma tu, baba mchungaji. Hesabu zetu zilishakosewa mara moja." Kanisa zima lilicheka, hata baba mdogo, aliyekuja na suruali nyingine.

Dume hakuchinjwa. Mzee alisema hawezi kumla mgonjwa wake, tukala mbuzi na kuku, na dume akapakiwa kwenye Fuso pamoja na kitanda na magunia ya maharage kwenda Ileje. Lilikuwa jambo geni, bibi harusi kuondoka na ng'ombe badala ya ng'ombe kuletwa, na baba mdogo analieleza mpaka leo kama mfano wa dunia kuharibika.

Nilibaki peke yangu katika nyumba. Kwa wiki chache nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha nikala chote, nikaacha mazoea hayo nguo zilipoanza kubana. Kimya cha asubuhi ndicho kilinisumbua zaidi. Nilikuwa nimezoea kuamshwa na mtu anayemwelezea Mungu hali yangu, na sasa niliamshwa na honi za malori, ambazo hazina habari na mimi.

Alhamisi ya kwanza akina mama walikuja, sita, wakasimama sebuleni bila kujua waweke mikono wapi.

"Tuendelee?" akauliza yule wa maandazi.

Nikawaambia waombe maji, maana mtaani kwetu bomba lilikuwa halijatoa tone kwa siku nne. Wakaomba kwa nguvu. Maji yalitoka Jumatatu, ambayo ni siku ya mgao wetu, nao wakashukuru sana. Alhamisi ile walipoondoka mmoja alibaki nyuma. Alikuwa mjane wa umri wa Mama. Alichezea kamba ya mkoba wake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nakumbuka Mama alikuwa anaombaje, neno kwa neno. Nikampeleka dukani, nikaichapa, nikampa nakala. Akaomba na nyingine kwa ajili ya dada yake.

Mimi mwenyewe sikujua niamini nini. Kama Mungu ndiye aliyempangia Mama mambo yale, basi alitumia dhihaka yangu kama mtu anayetumia jiwe kutuliza meza inayoyumba, na hakuniomba ruhusa. Kama si yeye, basi ni mimi, na mimi sina akili hiyo. Nilizunguka na fikra hizo nikafika pale pale, nikaziacha.

Nilikwenda Mbebe mara ya kwanza wakati wa kuvuna maharage. Kule ni baridi, ukungu unakaa mabondeni mpaka saa nne, na bati la geji ishirini na nane ni la kweli, nililigonga kwa kidole. Mama alikuwa amenenepa. Alinilisha kwanza, kama mkataba ulivyosema, kisha tukaenda shambani wote wawili. Alikuwa amevaa buti za mpira, mpya, saizi yake. Mzee alibaki nyumbani anabishana na jirani kuhusu kwato za mbuzi.

Tuling'oa maharage mistari miwili. Kisha Mama akanyooka, akashika kiuno, akaniuliza, "Sasa nikuombee nini?"

Nilimtazama kuona kama anatania. Katika maisha yangu yote alikuwa hajaniuliza hilo. Alikuwa anaomba tu, kama anavyopika, bila kuuliza nani anapenda nini. Nikasimama na shada la maharage mkononi, nikatafuta ndani yangu kitu kikubwa cha kumpa, nikaona aibu kwamba sikuwa nacho.

"Mgongo," nikasema. "Unaniuma nikikaa dukani."

Hakucheka. Aliweka kiganja chake kwenye mgongo wangu, pale pale nilipoonyesha, udongo na yote. "Bwana, mgongo wake unauma," akasema. "Wewe unajua kazi anayofanya. Mtunze. Amina." Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali, nami machozi yalinilengalenga, nikainama haraka kung'oa maharage ili asione.

Mgongo haukupona. Wiki iliyofuata nilinunua kiti chenye egemeo kwa fundi wa mtaani, na kwa kweli sasa naweza kukaa mpaka jioni bila shida. Nilimpigia Mama kumweleza. Alisema asante Yesu kabla sijafika kwenye sehemu ya kwamba nimekinunua mwenyewe, na kwa nyuma nikamsikia mzee akiuliza kiti ni cha mbao gani.